Mji Unaishia Saruji Inaposhushwa

Dar es Salaam nimeingia mara mbili tu maishani, na mara zote mbili nilikuwa nimelala chali napelekwa hospitali, kwa hiyo nilichokiona ni dari la gari na kofia ya nesi. Lakini ukitaka kujua mji ule umekaaje, njoo uniulize hapa Segera kwenye meza yangu ya machungwa. Nitakueleza bila kusimama.

Meza yangu iko pale barabara tatu zinapokutana. Moja inatoka Tanga, moja inatoka Arusha kupitia Korogwe, moja inashuka Dar. Machungwa nayachukua Michungwani. Nimekaa hapo tangu binti yangu ananyonya, na leo huyo binti ana binti wa kuolewa. Abiria wa basi hakufundishi kitu, ananyoosha mkono dirishani na gari linaondoka. Walionifundisha mimi ni madereva wa semi zinazobeba saruji kutoka Tanga. Hao mzigo wao ni mzito na safari yao ni ya taratibu. Wanashuka wanagonga matairi, wanakunywa chai, wanamenya chungwa mpaka ganda litoke refu kama mkanda. Nami swali langu ni moja miaka yote: leo unashusha wapi?

Zamani jibu lilikuwa fupi. Magomeni. Manzese. Temeke. Baadaye nikaanza kusikia Sinza, Tabata, Mbagala. Wakaja wa Kimara, wa Tegeta, wa Gongo la Mboto. Jina jipya likiingia, la zamani linapotea midomoni mwao, maana nyumba ikishakwisha haiagizi saruji. Ndivyo nilivyojua kwamba mji ule unakua kama mkeka unavyoshonewa ukili pembeni. Katikati pamekwisha, watu wanakaa. Kazi iko ukingoni.

Majina hayanitoki. Shule niliishia darasa la pili, kusoma vizuri nimejifunzia ukubwani, kwa hiyo vitu vyangu vyote ilibidi niviweke kichwani. Nilizaliwa kambi ya mkonge pale Ngombezi. Baba alikuja kukata mkonge akitokea Uha, akamwoa mama, Mzigua wa Handeni. Kule kambini mistari ya nyumba tuliijua kwa watu wake: mstari wa Waha, wa Wangoni, wa Wabena, wa Wamakonde. Ukipita jioni harufu ya chungu inakwambia uko mstari gani. Basi nikisikia jina la mahali, siridhiki mpaka nijue nani anakaa pale na alifikaje. Na kuhusu Dar nilikuja kujua jambo moja ambalo hata waliokaa kule hawalisemi. Watu wengi wanajenga upande unaotazama kwao. Waliotoka Kusini wamejazana Mbagala, ndiko magari yao yalikokuwa yakiwashusha. Waliotoka bara wameshika barabara ya Morogoro. Mtu anataka akisikia msiba nyumbani asilazimike kukatiza mji mzima ndipo aanze safari.

Sasa nije kwa mwanangu.

Wa kiume ninaye mmoja, mdogo wake huyo binti yangu. Ni fundi mwashi, na mwiko anaushika kwa mkono wa kushoto. Alipokwenda Dar hakupanga chumba. Mafundi wengi wanaishi hivyo: mwenye nyumba anataka mtu wa kumlindia vifaa, fundi anataka pa kulala, basi fundi analala ndani ya pagala, kwenye kuta zisizo na paa. Nyumba ikiisha mwenyewe anahamia, fundi anakunja godoro anasogea mbele. Kwa hiyo mwanangu alikuwa anaishi ukingoni mwa mji kila siku, na ukingo ukisogea naye anasogea. Alianza Kimara kwa mwalimu mmoja wa kike. Mwalimu akampeleka kwa dada yake Goba. Jirani wa dada akamchukua Madale, na huyo jirani, ambaye alikuwa nesi, akamkabidhi kwa kaka yake Bunju. Majina yao wote ninayo, na la mbwa wa nesi pia.

Mara ya mwisho alinipigia akiwa mbele ya Bunju. Akaniambia, "Mama, huku mipaka ya viwanja bado ni mkonge. Nikiamka asubuhi nadhani niko kwa babu." Tukacheka. Baada ya hapo simu yake haikupatikana tena, na ikapita miaka mitatu na miezi yake.

Sikukaa kimya. Kila dereva aliyesimama nilimuuliza. Nilimtaja mwanangu kwa jina lake, la baba yake na la babu yake, nikawa nawakaririsha. Hakuna aliyerudi na kitu.

Mwaka huu mjukuu akaposwa. Kijana ni mtu mzuri, anafanya kazi Korogwe mjini, kwao ni Kilole. Mambo yalikwenda vizuri mpaka kikao cha mwisho kule Handeni, nyumbani kwa baba wa bibi harusi. Hapo ndipo likatajwa neno la kilemba.

Kwetu, upande wa mama, binti haolewi mpaka mjomba wake avikwe kilemba mbele ya watu. Ni kitambaa cheupe kinachokuja na posa, lakini maana yake ni kubwa kuliko kitambaa. Aliyekivaa ndiye anayekimbiliwa ndoa ikiingia ugomvi. Na mjomba akiwa hai hakivaliwi na mwingine. Kikivaliwa na mwingine, tangu siku hiyo mwenyewe anahesabiwa na wafu, na siku ya dua jina lake linasomwa pamoja na yao. Nimeona hilo likifanyika mara moja nikiwa msichana. Yule mtu alirudi baada ya mwaka, mzima kabisa, na dada zake wakashindwa kumpa mkono.

Aliyelitaja ni mkwe wangu, babu wa bibi harusi kwa upande wa baba. Mzee wa heshima, kanzu haikosi pasi. Alifanya kazi Dar ujana wake wote, akastaafu, akarudi Handeni kulima.

"Mkwe," akaniambia, "mwanao tunamwombea kila siku. Lakini zimebaki wiki mbili. Tumvike binamu yake, shughuli iende."

"Unataka siku ya harusi ya mjukuu wangu nimzike mwanangu," nikasema.

"Hakuna aliyetaja kuzika."

"Kilemba chake kikikaa kwenye kichwa cha mtu mwingine, umemzika. Kilichobaki ni kuchimba."

Binti yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, akainamisha uso. Alikuwa anaoza mtoto na kumpoteza mdogo wake kwa siku moja, na hana la kusema mbele ya baba mkwe wake.

Mzee akavuta pumzi. Akaongea polepole, kama mtu anayemweleza mtoto. "Mimi Dar naijua, mkwe. Nimekaa Magomeni miaka yangu yote ya kazi. Wajukuu wamemtafuta Magomeni, Manzese, Ilala, Temeke, mpaka Ubungo. Mji mzima umekwisha."

"Dar yako imeishia Ubungo," nikamwambia.

"Ubungo ndiyo mwisho wa mji."

"Ilikuwa mwisho ulipostaafu. Siku hizi Ubungo ni katikati. Hebu weka mkono wako hapo kwenye mkeka. Wa kushoto."

"Kwa nini wa kushoto?"

"Ili dole gumba likae kaskazini. Tanua vidole."

Akautazama mkono wake, akawatazama watu, akauweka. Sijui ni heshima au alitaka kuona nitafika wapi.

"Nyuma ya kifundo hapa ni bahari. Kiganja ni Kariakoo, Ilala, Magomeni, hiyo Dar yako unayoijua. Dole gumba ni barabara ya Bagamoyo. Hapa Mwenge, hapa Tegeta, hapa Bunju, na kwenye kucha limeshavuka mpaka wa mkoa, Mapinga na Kerege. Hiki ni barabara ya Morogoro. Ubungo iko hapa chini kabisa, kidole kinapoanzia, unaona? Inafuata Kimara, Mbezi, Kibamba, Kibaha, na jana kuna dereva kashusha Mlandizi. Cha kati ni Gongo la Mboto, Pugu, Chanika. Chanika ya kwao, siyo hii yetu. Hiki ni Mbagala, Kongowe, Vikindu, mpaka Mkuranga. Na hiki kidogo kimevuka maji, Kigamboni, Kibada, Mjimwema. Nyinyi mmetafuta kiganjani. Vidole vyote mmeviacha."

Wanawake upande wetu walikuwa wameshika midomo. Mmoja akasema, "Mzee kachorwa ramani mwilini," na kicheko kikawatoka. Hata mzee akatabasamu, lakini mkono hakuutoa.

"Na mwanao yuko kidole gani?"

"Dole gumba. Kwenye kucha."

"Umejuaje?"

"Nyumba zake zote tangu Kimara zinapanda upande huo, moja inamkabidhi kwa nyingine. Tena ndio upande unaotazama kwetu, magari ya Tanga siku hizi yanapita Msata kwenda Bagamoyo. Na aliniambia mipaka ni mkonge. Kote walikopima zamani wameshang'oa wakaweka ukuta. Palipobaki mkonge ni pale saruji ndiyo kwanza inafika."

Mzee akatoa mkono, akaufuta kwenye kanzu japo haukuwa na kitu. "Jumamosi ya shughuli," akasema, "tukimaliza swala ya adhuhuri. Akiwepo, atavaa yeye na mimi nitafurahi. Asipokuwepo, binamu anavaa. Nisingojee mpaka wageni walale na njaa."

Nikasema sawa.

Kesho yake nikarudi Segera. Ninaye mtani wangu, dereva wa semi, Msambaa wa Lutindi, mtu mzima mwenye mvi zake. Yeye anashusha sana upande wa Bagamoyo. Alisimama siku ya pili.

"Shikamoo Mzigua wangu. Bado hujafa nikaichukua hiyo meza?"

"Marahaba. Nikifa meza itarithiwa na wenye akili. Wasambaa mtapewa maganda."

"Maganda ya Mzigua yana dawa. Nipe matatu, ya bure, ya utani."

Nikampa. Alipokaa nikamweleza yote, kilemba na wiki mbili na mkwe. Akaacha kumenya.

"Umekuwa ukimuulizia kwa jina lake?"

"Nimuulizie kwa jina la nani?"

"Bibi, kule saiti hakuna mtu mwenye jina. Kuna Iringa, kuna Mwanza, kuna Mnene, kuna Babu. Mtu wa huku kwetu akishavuka Wami tu anaitwa Tanga. Mwanao hata mwenye nyumba anayemjengea hajui jina alilopewa na sheikh. Yeye ni Tanga."

Miaka mitatu nilikuwa nawakaririsha madereva majina matatu kwa mpangilio, nikijisifu moyoni kwamba hakuna herufi iliyoniponyoka, na mwanangu hakuwa na hata moja kati ya hayo. Nililoliamini kuliko yote ndilo lililonifunga macho.

"Basi muulizie hivi," nikamwambia. "Kule unakoshusha, kwenye maduka ya vifaa, sema unamtafuta fundi Tanga, mama yake anauza machungwa Segera, anashika mwiko kwa kushoto. Mwambie mama yake anamwita. Kilemba chake kinavaliwa Jumamosi ya wiki ijayo, Handeni. Na wenzako waambie, kila atakayepita Msata."

"Nikimpata unanipa nini?"

"Nitakuita binadamu."

Akacheka mpaka akapanda gari.

Sasa sikiliza kilichotokea. Ujumbe unaposafiri kwa malori unafanana na mchanga, kila tuta unapungua. Ulitoka Segera una mkono wa kushoto na kilemba na Handeni. Ulipofika Bunju mkono wa kushoto umeshadondoka. Ulipofika Mapinga na kilemba kimedondoka. Kilichowafikia mafundi kule mapagalani ni hiki tu: Tanga, mama yako wa Segera anakuita.

Mafundi wa Tanga kule ni wengi. Na karibu kila mmoja ana mama ambaye hajamwona muda mrefu, na ukitoka kwetu kwenda popote, Segera utapita. Kila mmoja akajua ni yeye.

Wiki haijaisha, mama mmoja wa Maurui anayeleta ndizi akaja kwenye meza yangu anatembea kama msichana. "Mwanangu kapiga simu," akasema. "Hajapiga tangu Ramadhani ya mwaka juzi. Anauliza, mama unaniita? Nikasema sikuiti, lakini maadamu umepiga, njoo." Siku mbili baadaye nikasikia kuna mwingine kashuka Hale na begi. Wa tatu alikuwa wa Kwamndolwa, huyo alileta na mke ambaye kwao hawakujua kama anaye. Mtani wangu alipopita nikamwambia, "Umerudisha watoto wa Korogwe nzima isipokuwa wangu." Akasema kazi ya bure ndivyo ilivyo, mtu hachagui.

Nilicheka naye. Alipoondoka nikahesabu, zimebaki siku nne.

Jumatano mchana akashuka mtu kwenye basi la kutoka Dar, kifua kipana, begi la mgongoni, viatu vina saruji kavu. Akaja moja kwa moja mpaka mezani, akasimama, akanitazama kwa wasiwasi.

"Shikamoo mama. Nimeambiwa unaniita."

Nikamtazama vizuri. "Marahaba, mwanangu. Lakini mimi siye mama yako."

"Naona," akasema. Akatazama upande wa pili wa barabara. "Wangu alikuwa anauza mayai pale, penye ile nguzo."

Nikamjua. Mama yake nilimjua tangu ana mimba yake, na jina lake yeye nikalitaja hapo hapo, la utotoni lile. Yule mtu mzima akafunika uso kwa kofia. Mama yake ameshaacha biashara, miguu inamsumbua, yuko Mnyuzi kwa dada yake. Nikamwambia basi la Mnyuzi ni lile, apande. Nikamfungia machungwa ya mama yake. Alipokwisha kugeuka, nikamuuliza swali langu, kwa mazoea tu.

"Wewe kule ulikuwa unajenga wapi?"

"Kerege, mama."

"Mipaka ya viwanja ni nini?"

Akashangaa. "Mkonge. Unatuchoma kila siku miguuni."

Nikasimama. "Kuna fundi mwenzio, Tanga pia, anashika mwiko kwa kushoto?"

"Shoto? Huyo tunalala pagala moja. Ujumbe ulipokuja tulibishana wote wawili. Mimi nikasema ni mama yangu, yeye akasema ni wake. Halafu akasema haya wewe nenda, pengine ni wako." Akaongeza, taratibu, "Aliposema hivyo alikuwa amegeukia ukutani."

Nikamwambia ampigie mtu yeyote wa kule. Akampigia mwenye duka la vifaa. Mwenye duka akasema subirini, akaenda kwa miguu. Tulikaa tunasikia kuku wa Kerege ndani ya simu. Kisha nikasikia pumzi, nikaijua kabla hajasema.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Muhogo."

Akaanza kueleza, simu iliibiwa saiti, namba zote zilikuwa humo, akajiambia atakuja mwisho wa mwezi, na mwezi ukapita. "Nikasema nitakuja nikiwa na mabati yako, mama. Nilikuahidi mabati. Kila nikikaribia, yanaondoka. Miaka hii nimejenga nyumba saba za watu. Nitakujaje kwako na mikono mitupu?"

"Nani kakuuliza mikono?" nikamwambia. "Mimi sikuagiza mikono, nimeagiza kichwa. Jumamosi adhuhuri, Handeni, kwa wakwe wa dada yako. Mtoto wake anaolewa. Usipokuja na kichwa chako wanavika cha binamu yako, na wewe unajua maana yake."

Nikasikia analia, polepole, kama mtu anayejificha asisikiwe na mwenye duka. Kisha akasema, "Nishukie wapi, Mkata?"

"Mkata. Kuna gari za Handeni pale."

Jumamosi nyumba ya mkwe ilijaa. Wapishi wameinjika tangu alfajiri, wageni wa Kilole wamefika na ngoma yao. Binti yangu kila akipita alinitazama bila kuuliza. Hakuna aliyempigia tena kule Kerege. Niliwakataza. Mtu aliyejificha miaka mitatu ukimsukuma sana anarudi shimoni.

Adhuhuri ikaswaliwa. Wanaume wakarudi, wakakaa. Mkwe akasimama na kitambaa cheupe kimekunjwa mkononi. Pembeni yake binamu, kanzu mpya, jasho linamtoka. Yule binamu ni mtu mwema, lakini ana ndoa yake inayomshinda, na hiyo nyingine ya kuamua hakuitaka.

"Mkwe," mzee akaniambia mbele ya watu, "tumengoja."

"Umesema tukimaliza swala. Sunna hujaswali."

Watu wakacheka. Mzee akatikisa kichwa, lakini akaswali. Rakaa zake mbili zilikuwa ndefu, nami mpaka leo nasema alizirefusha makusudi. Alipotoa salamu tu, ikasikika bodaboda nje, na watoto wakaanza kukimbilia uzio.

Akaingia. Shati jeupe limenunuliwa njiani, bado lina mikunjo ya dukani. Amekonda, na nyusi zake zina vumbi la saruji ambalo maji hayakulitoa. Dada yake alikuwa ameshika sinia la vikombe. Aliliweka chini kwa utulivu, kikombe kimoja kimoja, kisha akamwendea akamshika kwa mikono yote miwili, na kichwa akakilaza begani kwake.

Mkwe hakumsalimu haraka. Alimngoja aje. Mwanangu akapiga magoti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umetoka wapi?"

"Kerege."

"Kerege ni Bagamoyo. Sisi tulikuwa tunakutafuta Dar."

"Mzee, mji umefika. Kwetu pale wiki iliyopita wameleta umeme, na daladala ya Tegeta inageuzia penye duka."

Mzee akanitazama. Wanawake wote wakanitazama. Nami nikautazama mkono wake wa kushoto, dole gumba, kwenye kucha. Akaelewa. Akakohoa kidogo, kama anasafisha koo.

"Binamu," akasema, "mpishe mwenye mahali pake."

Binamu akasogea upesi kuliko adabu inavyoruhusu. Mzee akakikunjua kile kitambaa. Kazi ya kuvika ni ya mshenga, lakini mzee hakumpa. Akakizungusha mwenyewe kwenye kichwa cha mwanangu, mara ya kwanza, mara ya pili, akachomeka ncha nyuma ya sikio. Kisha akarudi hatua moja, akaangalia kama kimekaa sawa, akakirekebisha.

"Mjomba," akamwita, ndiyo mara ya kwanza mtu kumwita hivyo siku ile. "Binti yako tumwozeshe?"

Mwanangu akasimama. Akamtafuta dada yake kwa macho, akanitafuta na mimi.

"Mwozesheni," akasema.

Sheikh akasogeza daftari lake karibu. Nami nikainuka kwenye mkeka, magoti haya haya mnayoyaona, nikapiga kigelegele. Wenzangu wakakipokea, kikazunguka nyumba, kikatoka uwanjani kwa wapishi. Waliokuwa stendi siku ile wanasema walikisikia, na wakajua kwetu hakuna aliyekufa.